Nani Atawale Joto la Nyumba?

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mithali hii twaijua sote tangu utoto, na mara nyingi twamjibu nayo mtu anayesema sana juu ya taabu asiyoionja. Leo twataka kuitumia katika jambo ambalo wazee wetu hawakuliona: chombo kidogo kinachowekwa ukutani katika nchi za baridi, kiitwacho termostati, ambacho kazi yake ni kutawala joto la nyumba.

Labda msomaji wa Lubumbashi au wa Bukavu atacheka na kuuliza: Jambo hilo latuhusu nini? Sisi, usiku wa Juni na Julai, baridi ikizidi, twawasha mbabula nje, twaota makala, kisha twaingia kulala. Ni kweli. Lakini ndugu zetu wengi wanaishi siku hizi Bruxelles, Liège na Paris, na taabu zao hutufikia. Tena swali lililofichwa ndani ya chombo hiki si la Ulaya peke yake. Ni swali la watu wote: Je, mwenye kuamuru yampasa kuonja amri yake mwenyewe? Na je, kitu kinachotii sana chaweza kutenda ubaya, hata kama hakuna mtu aliyeutaka ubaya huo?

Habari ya mama mmoja

Tuanze na habari tuliyopewa na watu wa jamaa yenyewe, majina hatuyataji. Mama mmoja wa Kivu, mjane aliyepita miaka 70, aliitwa na mwanawe kwenda kukaa naye Bruxelles. Mwana huyu ni mtu mwema. Afanya kazi ya usiku, alipa nyumba, alipia wadogo zake masomo huku kwetu. Majira ya baridi ya kwanza, hesabu ya gesi ilimtia hofu. Basi akanunua termostati ya namna mpya, ile inayofungamana na simu ya mwenye nyumba. Akaipanga hivi: simu yake ikiwapo nyumbani, joto liwe digri 20, simu ikitoka, joto lishuke mpaka digri 15. Akamwambia mama yake: «Mama, chombo hiki usikiguse. Chajitawala chenyewe.»

Mama akatii. Kila usiku mwana alipokwenda kazini, simu ilitoka pamoja naye mfukoni, na chombo kikahesabu kwamba nyumba ni tupu. Mama hakuwa na simu iliyoandikwa katika chombo. Kwa hiyo, kwa hesabu ya chombo, mama hakuwamo. Moto ukapungua. Mama akavaa kitenge juu ya kitenge, akajifunika blanketi mbili, akanyamaza. Ikawa hivyo majuma matatu. Mwisho akaona njia: akaingia jikoni, akafunga mlango, akawasha jiko la gesi, akaketi karibu nalo. Alfajiri moja mwana alimkuta amelala kitini, moto wa jiko ukiwaka, dirisha limefungwa. Sote twajua watu waliokufa kwa mbabula katika chumba kilichofungwa. Moto wa gesi nao waweza kuua vivyo hivyo.

Mwana akalia. Akauliza: «Mama, kwa nini hukuniambia?» Mama akajibu: «Mwanangu, uliniambia chajitawala chenyewe. Nikadhani hicho ndicho kiasi cha nchi hii. Mimi ni nani hata nishindane na nyumba?»

Nani alikosa? Mwana hakutaka mama yake aone baridi. Mama alitii tu. Chombo kilifanya sawasawa kama kilivyoamriwa, bila kukosea hata digri moja. Ndiyo maana twasema jambo hili lastahili kufikiriwa: ubaya ulikuwapo, wala hatuoni mtu mbaya.

Chombo hiki kilitoka wapi

Zamani watu wa nchi za baridi waliwasha moto kwa mkono na kuupunguza kwa mkono. Aliyesikia baridi ndiye aliyeongeza kuni. Mwili wa mtu na moto wake vilikaa chumba kimoja, kwa hiyo hakuna aliyeuliza nani atawale.

Mwanzoni mwa karne ya 17, Mholanzi mmoja, Cornelis Drebbel, alitengeneza tanuru ya kuangulia mayai iliyojipimia joto yenyewe. Joto lilipozidi, zebaki ilipanda na kupunguza njia ya hewa, na moto ukafifia. Joto liliposhuka, njia ikafunguka tena. Lilikuwa wazo la akili sana. Yai halina kinywa cha kusema kwamba lasikia baridi. Basi lahitaji chombo cha kulisemea.

Mwaka 1883 mwalimu Warren Johnson, wa mji wa Whitewater katika Wisconsin, Marekani, alipata hati ya uvumbuzi kwa ajili ya termostati ya umeme. Kabla ya hapo mtumishi wa shule ilimlazimu kuingia darasa kwa darasa kutazama kipimajoto, kisha kushuka chini kurekebisha moto. Chombo cha Johnson kilipiga kengele huko chini kwa mtunza moto. Angalieni vema: chombo kilimwita mtu, na mtu ndiye aliyefungua au kufunga. Lakini baada ya muda mfupi Albert Butz, wa Minneapolis, akatengeneza mashini iliyofungua na kufunga mlango wa hewa wa tanuru kwa nguvu yake yenyewe, na mwaka 1886 akapewa hati. Kengele haikuhitajiwa tena.

Mwaka 2011 ikatokea huko Marekani termostati ya Nest. Hiyo ilitazama desturi za wenye nyumba kwa siku chache, ikajifunza saa zao za kuamka, za kutoka na za kulala. Tena mwenye nyumba aliweza kuiamuru kwa simu akiwa safarini. Mwaka 2014 Google iliinunua kampuni hiyo kwa dola bilioni 3.2, na tangu hapo vyombo vya namna hiyo, vya makampuni mengi, vimeenea Marekani na Ulaya.

Katika historia hiyo twaona hatua tatu. Kwanza, chombo kilimwita mtu. Pili, chombo kilitenda badala ya mtu aliyemo chumbani. Tatu, chombo hutenda kwa amri ya mtu asiyekuwamo chumbani. Hatua mbili za kwanza zilipunguza kazi. Hatua ya tatu ilihamisha mamlaka. Na mamlaka ikihama, yafaa tuulize imehamia wapi.

Tusikidharau chombo

Hata hivyo tusiwe kama wale wanaolaumu kila kitu kipya. Faida za chombo hiki ni za kweli.

Joto ni kama maji katika kikapu: hutoka siku zote. Kadiri nyumba ilivyo na joto kuliko nje, ndivyo joto linavyokimbia upesi zaidi. Kwa hiyo nyumba iliyoachwa ipoe kidogo wakati hamna watu hupoteza joto kidogo kuliko nyumba inayowaka mchana kutwa bure. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Nishati liliwaambia watu wa Ulaya kwamba kupunguza digri 1 tu kwaweza kuokoa karibu sehemu 7 katika 100 za nguvu zitumikazo kupasha nyumba joto. Kwa mtu wa mshahara mdogo hilo si jambo dogo. Ni viatu vya mtoto, ni fedha za dawa.

Tena si jambo la mfuko wa mtu mmoja tu. Gesi inayochomwa huongeza hewa chafu inayoharibu majira ya dunia yote, hata majira ya mashamba yetu. Na mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipopunguza gesi iliyotoka Urusi, nchi nzima zilijifunza kwamba moto wa mmoja wahusiana na moto wa jirani yake. Anayewasha mpaka digri 25 na kufungua dirisha kwa sababu aona joto, huyo amesahau kwamba wako wengine.

Tena yuko kiwete asiyeweza kuinama kuzungusha bomba. Yuko mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani. Kwao chombo kinachosikia sauti au simu ni msaada mkubwa. Kwa hiyo twasema wazi: kuweka akiba ni wema, na chombo kinachosaidia kuweka akiba ni chombo chema.

Kanuni ya chuma na kanuni ya risasi

Lakini twarudi kwa mama yule, peke yake jikoni.

Mwanafalsafa Aristotle, katika kitabu chake juu ya utawala wa mji, aliwaza vyombo vinavyofanya kazi vyenyewe kwa kuamriwa tu, hata kitanzi kifume nguo bila mfumaji. Alisema kama vyombo hivyo vingekuwapo, mabwana wasingehitaji watumwa. Leo vyombo hivyo vipo. Lakini kuna jambo moja yafaa kuliongeza: mtumishi aliye mtu, hata akiwa mnyonge namna gani, ana macho. Akiamriwa kuzima moto, akamkuta bibi kizee ameketi pale, atarudi kwa bwana wake na kusema: «Bwana, mama yumo.» Chombo hakirudi kusema hivyo, ila kimefundishwa kumwona.

Aristotle huyo huyo, katika kitabu chake juu ya wema na tabia, alifundisha jambo jingine litufaalo hapa. Alisema sheria husema kwa ujumla, lakini maisha huja moja moja. Kwa hiyo sheria nzuri yaweza kukosea katika jambo fulani, si kwa sababu mtunga sheria ni mbaya, bali kwa sababu hakuweza kuona yote. Hapo pahitaji mtu wa busara wa kuitengeneza. Akatoa mfano wa wajenzi wa kisiwa cha Lesbos, waliotumia kipimo cha risasi, madini ile laini, wala si kipimo cha chuma. Kipimo cha chuma hakipindi. Kipimo cha risasi hulifuata jiwe jinsi lilivyo.

Termostati ni kipimo cha chuma. Amri ya mwana ilikuwa sheria nzuri kwa ujumla: nyumba tupu isichome gesi. Lakini nyumba haikuwa tupu. Sheria ikakutana na jiwe lisilonyoka, na hakuna aliyekuwapo wa kuipinda.

Tuone mfano wa sheria iliyopindwa vema. Tangu tarehe 1 Septemba 2022 serikali ya Ujerumani iliamuru kwamba ofisi za serikali zisipashwe joto kupita digri 19. Lakini amri ile ile ilizitoa hospitali na nyumba za kulea wazee, kwani wagonjwa na wazee hawawezi kuvumilia kama vijana. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, lilisema digri 18 ni joto la kutosha kulinda afya za watu wengi wakati wa baridi, na kwamba wazee, watoto wadogo na wagonjwa waweza kuhitaji zaidi. Baridi ya nyumbani hupandisha damu, hudhuru moyo na mapafu. Basi digri 15 kwa mama wa miaka 70 na zaidi si akiba tena. Ni hatari kwa uhai wake.

Anayelipa ndiye mwenye amri?

Mtu atajibu: «Lakini mwana ndiye anayelipa gesi. Anayelipa si ndiye mwenye kuamuru?»

Twakubali nusu. Anayelipa ana haki ya kusema: Tusiharibu. Wala hatusemi kwamba mwenye kusikia baridi ndiye atakayeamua peke yake. Mwingine ataka digri 26 ili avae shati moja tu mwezi wa Januari, na hiyo si haki kwa mlipaji. Lakini kulipa hakumpi mtu uwezo wa kusikia baridi ya mwingine. Wakati wa njaa baba wa nyumba hupima unga wa bukari, na hakuna anayemlaumu. Lakini yeye hula sinia moja na watoto. Akipima kidogo, tumbo lake nalo lamwambia. Hiyo ndiyo inayoifanya mamlaka yake iwe ya haki: apima, tena aonja.

Tarehe 2 Februari 1977, wakati wa upungufu wa gesi, Rais Jimmy Carter wa Marekani aliwaomba watu wake wapunguze joto la nyumba mpaka digri 65 za Fahrenheit mchana na 55 usiku, ndiyo kama digri 18 na 13 kwa vipimo vyetu. Alisema nao kwenye televisheni, amevaa sweta. Watu wengine walimcheka kwa sweta ile. Sisi twaona ilikuwa sehemu njema ya hotuba: aliyeomba watu wavae nguo nzito alikuwa amevaa yake.

Kinyume cha hayo, mamlaka ya mbali haionji. Tarehe 30 Agosti 2022, siku ya joto kali, watu kama 22,000 wa Jimbo la Colorado, Marekani, walikuta termostati zao zimefungwa na kampuni ya umeme, Xcel Energy, wasiweze kuongeza ubaridi. Tuseme haki: watu hao walijiandikisha kwa hiari, wakapewa dola 100 kwa kuingia na dola 25 kila mwaka, na kampuni ilikuwa na upungufu wa umeme. Lakini wengi walikuwa hawajafahamu kwamba itafika siku mkono wao wenyewe hautasikiwa katika nyumba yao wenyewe. Walikuwa wameuza kitu wasichokijua jina lake.

Liko na jambo baya zaidi. Mwaka 2018 gazeti la New York Times liliandika habari za wanawake ambao waume zao, au waliokuwa waume zao, waliwatesa kwa vyombo vya namna hiyo: joto lilipanda au kushuka ghafula, na mwanamke hakujua kwa nini. Mume alikuwa mbali, simu mkononi. Mwana wa Bruxelles hakukusudia ubaya, hawa walikusudia. Lakini njia ni moja: mmoja aamuru asionje, mwingine aonje asiamuru.

Tena hata bwana wa mbali si bwana siku zote. Mwezi wa Januari 2016 kosa katika programu ya Nest lilimaliza betri za vyombo vingi, na nyumba zikapoa katikati ya baridi. Mwaka 2025 kampuni iliacha kuhudumia vyombo vyake vya kwanza. Vikaendelea kufanya kazi ukutani, lakini havikusikia tena simu. Anayemwachia mwingine ufunguo wa moto wake afahamu kwamba mwingine huyo ana shughuli zake.

Basi, tufanye nini?

Ndugu mlio katika nchi za baridi, na ninyi mnaotaka kwenda huko, twawapa maneno machache.

Kwanza, kabla ya kukipanga chombo, hesabuni watu, wala si simu. Bibi, mtoto mchanga, mgeni aliyefika jana: hao hawamo katika simu yoyote. Ikiwa yuko mtu mmoja asiyehesabiwa, ondoeni ile amri ya «simu ikitoka, moto upungue». Wekeni saa za kudumu, na chumba cha mnyonge kiwe na kiasi chake.

Pili, kila anayekaa nyumbani ajue kuzungusha chombo kwa mkono wake. Neno «usikiguse» lisisemwe kwa mtu mzima, sembuse kwa mama. Hata mtoto afundishwe, pamoja na mpaka wake.

Tatu, kiasi kizungumzwe mezani. Hesabu ya gesi iwekwe wazi, wote waione. Mwenye kusikia baridi aseme bila aibu. Mlipaji naye aseme uzito wake bila hasira. Labda mtakubaliana digri 19, na sweta. Kiasi mlichokubaliana huvumilika kuliko kiasi mlichowekewa.

Nne, kabla ya kuandika jina katika mpango wa kampuni unaotoa zawadi, ulizeni neno moja: Siku ya shida, mkono wangu utasikiwa? Jibu likiwa hapana, pimeni kama fedha hizo zatosha kwa kitu hicho.

Tano, twasema na wale wanaonyamaza. Mama yule alinyamaza kwa heshima, naye karibu afe kwa heshima. Kumwambia mwanao «nasikia baridi» si kumvunjia nyumba. Ni kumsaidia kuitawala vema.

Katika nyumba ile ya Bruxelles mambo yametengenezwa. Chumba cha mama hukaa digri 20 usiku kucha. Vyumba vingine hushuka mpaka 16, na hesabu ya gesi haikupanda kama mwana alivyoogopa. Mama ajua kuzungusha chombo, na mara nyingine akizungusha mno mwana hunung'unika, nao huzungumza. Hayo ndiyo maisha ya nyumba.

Lakini mwana ameongeza desturi moja ambayo hakuna fundi aliyemfundisha. Kila usiku kabla ya kutoka huingia chumbani kwa mama na kumshika mkono, aone kama una joto. Kisha hwenda kazini. Msomaji, nawe fanya hivyo kwa wale unaowaamuru, popote ulipo, hata kama katika nchi yako hakuna baridi.